Pedi za kipa wa hoki ya barafuni: zimlinde mtu au zizibe goli?

fundi_kibuye (Kisumu)

Habari zenu, watu wa magongo. Wengi humu ni wa hoki ya nyasi na ya zulia, lakini najua kuna wachache ambao, kama mimi, hukesha kuangalia hoki ya barafuni. Fainali za NHL, ligi kuu ya mchezo huo Marekani na Kanada, za mwezi wa sita huanza saa tisa usiku kwa saa zetu, nami nimezifuata kwa simu miaka kadhaa sasa. Nina swali ambalo limenikaa kifuani. Naomba mnijibu kwa uzito.

Mimi ni fundi wa viatu na mikoba hapa Kibuye. Shuleni nilikuwa kipa wa hoki, huku huku Magharibi, na tangu nimalize walimu wa michezo wananiletea vifaa vya kipa kila muhula: mikanda iliyokatika, viatu vya kipa vilivyofumuka, glavu ambazo sponji yake imekuwa unga. Leo mezani kuna pedi ya mguu wa kushoto ya shule moja ya wasichana. Mkanda wa juu umeng'oka pale unapoingia kwenye pedi, maana ndipo binti anapovuta kwa nguvu zake zote akijifunga. Nimefumua mshono wa pembeni nipate mahali pa kupitisha mkono, na ndani nimekuta sponji mbili: laini, inayokaa kwenye muundi, na ngumu ya mbele, inayorudisha mpira. Nikibonyeza katikati kwa kidole gumba, inazama kidogo halafu inarudi. Imechoka lakini inafanya kazi. Nikienda ukingoni, kwenye vile vidole viwili vya upana vinavyotokeza nje ya mguu, sponji ni mpya kama siku ilipotoka kiwandani. Haijawahi kukaa mbele ya mfupa wa mtu. Kazi yake ni kuziba nafasi tu.

Hapo ndipo swali langu lilipotoka. Kwenye hoki ya barafuni goli lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. La kwetu ni 3.66 kwa 2.14, yaani eneo lake ni zaidi ya mara tatu ya lile. Na kinachopigwa kina uzito karibu ule ule: mpira wetu ni gramu 156 hadi 163, na kile kisahani cha raba wanachokiita paki ni 156 hadi 170. Wao hukigandisha kabla ya mechi ili kisidundedunde, na mpigaji hodari anakitoa kwa kasi ya zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Mwaka 2012 Zdeno Chara alipimwa akafikisha 175. Kwa hiyo kipa wa barafuni anahitaji kinga nene, hilo silipingi hata kidogo. Ninachouliza ni kuhusu upana.

Pedi za miguu zilikuwa na mwisho wa inchi 10. Mwaka 1989 wakaruhusu 12. Mwaka 2005 wakarudisha hadi 11, ambayo ni sentimita 28. Angalieni magoli. Msimu wa 1981–82, ule ambao Wayne Gretzky alifunga 92 peke yake, mechi moja ilikuwa na magoli karibu 8 kwa wastani, timu zote mbili pamoja. Kufikia 2003–04 yalikuwa yamebaki 5 na kidogo. Goli halikubadilika hata sentimita moja. Aliyekuwa ndani yake ndiye aliyenenepa.

Watu husema hoki ni mchezo wa mila, usiguswe. Lakini walishawahi kuugusa na ukapona. Msimu wa 1928–29 George Hainsworth wa Montreal alimaliza mechi 22 kati ya 44 bila kufungwa. Nusu ya msimu mzima! Wenye mchezo waliona hakuna atakayelipa kiingilio kuangalia hivyo, wakaruhusu pasi za mbele uwanja mzima, na msimu uliofuata magoli yakaongezeka karibu mara mbili. Kwa hiyo mimi nasema: unene wa pedi wauache, hata waongeze wakitaka, lakini upana ufuate mguu wa mchezaji mwenyewe. Kilichozidi kikatwe.

Na kuna upande wa pili wa maneno hayo hayo. Ikiwa kifaa ni cha kulinda mwili, basi shingo nayo ni mwili. Hapa nasema kwa uchungu. Nikiwa kidato cha tatu, kinga ya koo ya helmeti yetu ilipotea, ukapita muhula mzima bila yeyote kununua nyingine. Kwenye kona fupi, ile adhabu inayopigwa kutoka mstari wa nyuma, mpira uligonga gongo la beki wangu, ukaruka, ukanipata chini ya kidevu. Nilianguka kwa sababu pumzi haikuingia. Nilikunywa uji siku nne, na sauti ilirudi baada ya majuma matatu.

Sasa weka chuma chenye makali mahali pa mpira. Tarehe 22 Machi 1989 kipa wa Buffalo, Clint Malarchuk, alikatwa shingo na kiatu cha kuteleza akiwa golini kwake. Aliokolewa na mhudumu wa timu aliyewahi kutumika jeshini Vietnam, ambaye aliubana mshipa kwa mkono. Tarehe 28 Oktoba 2023 kule Sheffield, Uingereza, Adam Johnson wa Nottingham Panthers hakuwa na bahati hiyo. Kiatu cha mpinzani kilimkata shingoni, akafa. Alikuwa na miaka 29.

NHL na chama cha wachezaji walikubaliana mwaka 2025 kwamba kinga ya shingo itakuwa lazima kuanzia msimu wa 2026–27, lakini kwa wachezaji wapya tu. Waliokuwemo wataamua wenyewe. Ndivyo walivyofanya pia na helmeti. Bill Masterton aligonga kichwa barafuni mwezi wa kwanza 1968 akafa, sheria ikaja 1979, tena kwa wapya peke yao, na wa mwisho kucheza kichwa wazi, Craig MacTavish, alistaafu 1997. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi hapo.

Niambieni nimekosea wapi.

mwalimu_wa_kona_fupi (Kakamega)

Mulembe, fundi. Pedi za mwaka jana bado ziko imara, asante sana.

Nimefundisha makipa miaka kumi na tano, na kwenye upana nakupinga. Wewe unaitazama pedi ikiwa imesimama mezani. Kipa wa barafuni wa siku hizi hasimami. Anapiga magoti, miguu imetanuka pande mbili kama mabawa, ndiyo maana mtindo wenyewe wanauita kipepeo. Patrick Roy alichukua ubingwa wa 1986 na Montreal akiwa na miaka 20 akicheza hivyo, na baada yake kila mtoto akataka kuwa yeye. Kipa akishuka, pedi inajigeuza na kulala ubavu, uso wake ukitazama mbele. Ule upana wa sentimita 28 unageuka kuwa kimo. Ni ukuta uliokaa juu ya barafu, chapu kwa chapu. Ukipunguza inchi mbili umefungua mlango wote wa chini, kushoto na kulia.

Utaniambia ndicho unachokitaka. Sawa. Lakini goti linatua wapi? Linatua kwenye ule mto wa upande wa ndani wa pedi, na ukiukata, anatua kwa mfupa mara arobaini kwa mechi moja. Mimi nina magoti mawili ambayo daktari amekataza ngazi, nami nilicheza kwenye nyasi.

Halafu walishajaribu kupunguza sehemu nyingine. Suruali za kipa zilibanwa mwaka 2017, na kinga za kifua na mabega zikabanwa msimu wa 2018–19. Makipa kadhaa walilalamika hadharani kwamba wanapata michubuko mahali ambapo hawakuwa wakiipata. Kipa anayeogopa mpira hujificha nyuma ya gongo, na akishajificha umeshampoteza. Nimeona watoto wa namna hiyo, huchukua mwaka mzima kumrudisha.

Usiwabebeshe makipa dhambi zote. Ile miaka ya magoli machache mabeki walikuwa wanamkumbatia mshambuliaji, wanamvuta kwa gongo, refa anatazama tu. Msimu wa 2004–05 haukuchezwa kabisa kwa sababu ya ugomvi wa mishahara, na waliporudi marefa waliambiwa wapulize filimbi kwa kila kushikana. Pia waliondoa katazo la pasi ndefu inayovuka mistari miwili. Magoli yalipanda kutoka 5 na kidogo hadi 6 kwa msimu mmoja. Pedi zilipunguzwa mwaka huo huo, ni kweli, kwa hiyo wewe utasema ni pedi na mimi nitasema ni filimbi. Sisi wenyewe tulipofuta kuotea mwaka 1998, mchezo ulifunguka bila mtu kugusa pedi ya kipa.

Kuhusu shingo niko nawe moja kwa moja. Kina dada wangu wawili wa golini hawana kinga ya koo hivi sasa. Nimeandika barua mara mbili.

magurudumu_nakuru (Nakuru)

Mimi natelezea magurudumu hapa Section 58, tunacheza hoki ya lami jioni magari yakipungua. Naona mnabishana kuhusu kipa wakati shida ni nafasi. Watu kumi wakubwa wanaokimbia hivyo kwenye mita 61 kwa 26! Ulaya walizoea upana wa mita 30. Nilidhani dawa ni kupanua uwanja, lakini nimeangalia mechi za kule nikaona ile nafasi ya ziada iko pembeni, karibu na ukuta, ambako hakuna goli. Watu wanazunguka na kisahani huko nje, na beki anawaacha. Hata Olimpiki ya Beijing 2022 ilichezwa kwenye upana mdogo.

Ukitaka kuona nafasi inavyofanya kazi, angalia zile dakika tano za nyongeza. Tangu 2015 wanacheza watatu kwa watatu, na kila kosa ni mbio za kwenda goli la pili. Sisemi mechi nzima iwe hivyo. Nasema wangecheza wanne kwa wanne kipindi cha mwisho wajaribu tu.

Na waige jambo moja la ligi ya wanawake ya Marekani na Kanada, PWHL, iliyoanza mwezi wa kwanza 2024. Timu iliyopungukiwa mtu kwa adhabu ikifunga goli, mtu wake anaachiliwa hapo hapo. Kwa hiyo timu pungufu inashambulia badala ya kukitupa kisahani mbali tu na kungoja dakika mbili ziishe. Tumeijaribu hapa kwenye lami. Siku ya kwanza kijana mmoja alitoka adhabuni kabla hajamaliza kufunga kamba za kiatu.

nafaka_na_samaki (Siaya)

Naheshimu maoni yenu, lakini hili la barafu linatuhusu nini sisi ambao uwanja wa zulia wa kwetu tu ni shida?

muuguzi_wa_baridi (Edmonton, nyumbani Bungoma)

Ndugu wa Siaya, linatuhusu. Vijana wa Ice Lions, timu yetu ya Kenya ya hoki ya barafuni, wamekuwa wakifanya mazoezi kwenye kile kiwanja kidogo cha Panari jijini Nairobi, mwaka 2018 waliletwa huku Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby, nyota wa NHL, na mwaka 2024 Kenya ilipokelewa kwenye shirikisho la dunia, IIHF. Sheria hizi mnazozijadili ndizo watakazochezea watoto wetu.

Fundi, pole kwa koo lako. Nataka kuzungumza juu ya shingo kwa sababu ndiyo kazi yangu na ndiyo nyumba yangu. Mimi ni muuguzi wa dharura, na kijana wangu wa miaka kumi na mmoja anacheza. Hapa mtoto haruhusiwi kuingia barafuni bila kinga ya shingo. Ninayo mkononi ninavyoandika. Ni kola ya kitambaa kizito chenye nyuzi zisizokatika kwa urahisi, unene wake kama blanketi lililokunjwa mara moja, na inafungwa nyuma kwa ule utepe wa kunata. Ule utepe unabeba nyuzi za soksi zote za nyumba hii, na kila Jumapili naung'oa uchafu kwa kitana cha zamani la sivyo haushiki. Kijana analalamika kwamba inawasha na ni ya joto. Anaivaa. Haijawahi kumzuia kugeuza kichwa.

Kinachonitia uchungu ni kwamba akifika utu uzima na akawa mzuri kiasi cha kulipwa, hapo ndipo wakubwa wake walikuwa wakiivua. Yaani mtoto anayeteleza polepole ana kinga, na mtu mzima wa kilo tisini anayepita kwa kasi ya gari mjini hana. Mshipa mkubwa wa shingo ukikatwa, hesabu ni ya dakika chache sana. Malarchuk aliishi kwa sababu mkono wa mtu anayejua kazi ulifika kabla ya dakika hizo kuisha. Huwezi kuweka mkono wa namna hiyo kwenye kila uwanja.

Lakini fundi, usichanganye mambo mawili. Kinga ya kukatwa na kinga ya kugongwa si kitu kimoja. Hii kola ya mwanangu ingezuia makali, ila mpira wako wa kidato cha tatu ungeipitia kama karatasi, kwa sababu haina kitu kigumu cha kusambaza kishindo. Ndiyo maana kipa wa barafuni anayejali huvaa vyote viwili: kola ya kitambaa shingoni, na kile kipande cha plastiki kinachoning'inia chini ya barakoa, kinachobembea kisahani kikikigonga.

Na jambo la "wapya tu" lina sababu yake, ingawa siipendi. Wachezaji wana chama, NHLPA, na kifaa hakiwi lazima bila chama kukubali. Chama kinawatetea waliomo, na waliomo wamezoea shingo wazi. Vioo vya macho vilipita kwa mlango huo huo mwaka 2013, na leo wasiovaa ni wa kuhesabika kwa vidole. Kwa hiyo itafika. Ila katikati hapo kuna majina ya watu.

Huku kwetu mjini bado tunauguza 2024 na 2025, Florida waliifunga timu yetu ya Edmonton fainali zote mbili za NHL. Kelele za hospitalini usiku ule sitazieleza.

fundi_kibuye (Kisumu)

Asanteni. Nimesoma haya yote mara mbili, pedi ikiwa mapajani.

Mwalimu, baada ya kusoma nilipiga magoti hapa kibandani nikiwa nimeivaa hii pedi ya mguu wa kushoto, wateja wakinitazama. Ni kweli. Upande wa ndani ndio uliobeba goti langu, na nilipoufumua usiku nikaukuta umebonyea kabisa, sponji imekuwa nyembamba kama kandambili ya zamani. Sikuwa nimeangalia upande ule kwa sababu mshono uliokatika ulikuwa wa nje. Kwa hiyo narekebisha maneno yangu: upande wa ndani ubaki kama ulivyo, uongezwe hata, na kinachopunguzwa ni ukingo wa nje, unaotokeza nyuma ya ndama ya mguu na usiobeba chochote. Kipa akishuka chini, huo ndio ukingo unaokuja juu. Ukipunguza inchi moja hapo, mpigaji anapata nafasi ya kurusha juu kidogo ya pedi, na goti halijaguswa. Nadhani hapo hata wewe na magoti yako mtakubali.

Kuhusu filimbi na pedi, siwezi kukushinda, maana yalifanyika mwaka mmoja. Lakini filimbi hulegea. Refa huanza msimu akiwa mkali, na kufikia fainali anameza filimbi, nimeona kwa macho yangu saa kumi usiku mshambuliaji akivutwa jezi mbele ya watu elfu kumi na nane. Kipimo cha pedi hakilegei. Ukishapima umepima.

Ndugu wa Nakuru, hiyo ya kumwachilia mtu wa adhabu nimeipenda kuliko yote, na haihitaji hata kushona. Wanne kwa wanne sikubali, unaondoa mtu mmoja wa mshahara kwenye kila timu, hawatakubali kamwe.

Dada muuguzi, hilo la kukatwa na kugongwa umenifungua macho. Miaka yote nimekuwa nikidhani kinga ni kinga. Na lile neno lako la majina ya watu walio katikati, nimelisoma nikaacha kazi kwa muda. Mtu anaweza kusema wachezaji hawa ni watu wazima, waamue wenyewe. Lakini mchezaji haamui peke yake. Kiatu kilichomkata Malarchuk kilikuwa cha mtu mwingine, na huyo mwingine pia alirudi nyumbani na jambo hilo. Kwa hiyo mimi ningesema wote wavae, wapya kwa wazee, msimu mmoja, kama Uingereza walivyofanya kuanzia Januari 2024.

Mwalimu, kuhusu wale mabinti wako wawili. Barua ya tatu usiandike. Nina sponji ngumu iliyobaki kwenye pedi mbovu, unene wa sentimita mbili, na plastiki ya ndani ya kinga za miundi ambayo haijapasuka. Nitaweka plastiki mbele, sponji nyuma, nifunike na ngozi laini upande wa koo isichubue, na kamba mbili za kuning'iniza kwenye vyuma vya helmeti ili ibembee badala ya kusukuma. Ukubwa ndio siujui. Nipimie kutoka kidevu hadi kwenye kile kishimo juu ya mfupa wa kifua, kila mmoja wake, akiwa amevaa helmeti na ameinama kama anangoja kona fupi, si akiwa amesimama wima. Nitumie kabla ya Ijumaa. Pedi nayo itakuwa tayari, nimeibadilishia mto wa goti pia.